Ajali ya Kwanza: Kijana, Usukani na Barabara ya Usoke

Ajali kubwa hazisahauliki. Aprili 2018, kule Makomero wilayani Igunga, basi la abiria na lori viligongana usiku, watu 12 wakapoteza maisha na mkoa mzima wa Tabora ukaingia msibani. Redio zilitangaza, viongozi walifika, rambirambi zilitumwa. Ajali ninayotaka kuizungumzia hapa haina matangazo. Ni ile ya kijana wa miaka 19 au 20, ana miezi michache tu tangu aanze kukabidhiwa gari, anaacha njia karibu na Usoke na kutumbukia mtaroni, au anamkumba mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, au anamgonga mtoto anayevuka. Mara nyingi haifiki hata kwenye daftari la polisi. Lakini ndiyo inayoamua kijana yule atakuwa dereva wa namna gani maisha yake yote, na kwa aliyegongwa, ndiyo inayoamua kama atatembea tena.

Inapotokea, watu hutoa hukumu ya aina mbili. Wapo wanaosema vijana wa siku hizi wanakimbiza magari kama wendawazimu. Wapo wanaosema ajali haina kinga, imeandikwa, tushukuru Mungu. Nimezisikia zote mbili zikitoka kinywani mwa mtu mmoja, tena kikao kimoja. Ya kwanza inamtwisha kijana peke yake mzigo wote, ya pili inawatua watu wote. Naamini zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa namna inayoua. Ajali ya kwanza ya kijana huandaliwa na watu wengi kabla hajawasha gari: aliyemfundisha, aliyemkabidhi ufunguo, aliyeijenga barabara na aliyeisimamia. Na yale anayoyafanya katika saa moja baada ya ajali nayo ni mambo ya kufundishwa, ila hakuna anayeyafundisha.

Usoke ipo wilayani Urambo, kwenye njia ya kutoka Tabora kwenda Kigoma. Kabla ya lami hapa palikuwa na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli palikuwa na misafara ya pembe na nguo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikipita nchi ambayo Mtemi Mirambo aliitawala na kuitoza hongo hadi alipofariki mwaka 1884. Nayataja haya kwa sababu watu wa nchi hii waliwahi kuwa na utaratibu makini sana wa kumwingiza kijana njiani. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubebeshwa pembe ndogo wakiwa na miaka sita au saba. Kijana aliyekuwa bado hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili, lakini safari yake ya kwanza hakupewa msafara auongoze. Alikwenda na mzigo mwepesi kuliko wa wakubwa, kati ya watu wa ukoo au wa kijiji chake, akijifunza maji yalipo, pa kulala, na namna ya kusema na watu wa nchi ngeni. Mzigo wa mpagazi kamili, wa kilo 30 hivi, ulimngoja akomae. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele, alikuwa mtu aliyeijua njia kwa kuipita mara nyingi. Njia ilikuwa na ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mtu mzima aliyesimama juu yake.

Ngazi hizo zilivunjwa tangu zamani, na palepale Urambo tunao mfano wake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliingizwa nchini kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya vita, na vijana ambao hawakuwahi kushika usukani wakapandishwa juu yake baada ya mafunzo ya haraka. Mitambo mingi iliharibika mapema mno. Mwaka 1951 mradi ulitupwa, hasara ikabebwa na walipa kodi wa Uingereza na ardhi ikabaki kwetu. Masimulizi ya mradi huo huwacheka Waafrika waliovunja matrekta. Mimi nauliza swali jingine: nani aliamua kwamba mtu anaweza kukabidhiwa mtambo mzito pasipo muda wa kuuzoea? Baada ya karanga ikaja tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyoleta malori. Kuna kuni za mabani, kuna mbolea, kuna marobota ya kupeleka sokoni. Kila gari linataka dereva, na msimu haungoji mtu akomae.

Kisha, katika miaka ya 2010, ikaja lami ya Tabora hadi Urambo. Sina neno baya juu ya lami. Mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Kitete mjini Tabora anajua thamani yake kuliko mwandishi yeyote. Lakini lami ilibadilisha jambo moja ambalo halikuzungumzwa siku ya kukata utepe. Kwenye vumbi, barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa mwalimu. Makorongo, mchanga na mashimo vilimlazimisha dereva apunguze mwendo, apende asipende. Ukikosea unapasua tairi au unavunja springi, unalala porini, unajifunza. Kwenye lami mwalimu huyo ameondoka. Gari lililokuwa likihangaika kwa kilomita 40 kwa saa sasa linakwenda 100 bila kulia, na ndani ya kebini dereva hasikii chochote cha kumtisha.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana ndiyo hesabu ambayo kijana hapewi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde moja. Sekunde hiyo moja ndiyo wastani wa muda ambao mtu aliye macho huchukua tangu aione hatari mpaka mguu ufike kwenye breki. Ukijumlisha na umbali wa breki zenyewe, gari zima lenye tairi nzuri kwenye lami kavu litasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa mwendo wa 80 linahitaji mita 57. Kwa 100 linahitaji zaidi ya mita 80, na hilo ni gari dogo, si Canter iliyobeba mzigo. Kutoka 50 hadi 100 mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama umeongezeka karibu mara tatu. Macho ya binadamu hayahisi hivyo. Kijana anahisi kwamba kama kwa 50 aliweza kumkwepa mbuzi, kwa 100 atahitaji uangalifu mara mbili tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali yenye kifo unapanda kwa asilimia 4 hivi.

Sheria yetu inajua jambo hili. Inataka mwendo usiozidi 50 kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na malori. Lakini Usoke, kama vijiji vyote vilivyoota kando ya njia, haikai upande mmoja wa barabara. Nyumba ziko huku, shule iko kule, mashine ya kusaga huku, kisima kule. Ng'ombe hurudi jioni, mikokoteni haina taa, watoto hutembea ukingoni kwa sababu hakuna pengine pa kutembea. Barabara ya mwendo wa kasi imepitishwa katikati ya uwanja wa nyumbani. Dereva mzoefu anaupunguza mwendo kabla ya kuona kibao kwa sababu anajua kijiji kinaanzia wapi. Mgeni wa usukani anapunguza pale tu anapoona tuta, na tuta likiisha anakanyaga mafuta.

Sasa tumtazame kijana mwenyewe anavyofika kwenye usukani. Haanzii chuo cha udereva. Anaanzia juu ya bodi ya Fuso, akiwa utingo. Anafunga turubai, anaweka jiwe nyuma ya tairi gari likikwama mlimani, anabadilisha tairi usiku wa manane, anaosha gari alfajiri. Dereva akimpenda anamwachia asogeze gari gereji. Siku nyingine, kwenye njia ya porini isiyo na trafiki, anampa usukani ili yeye asinzie. Ndani ya mwaka mmoja utingo anajua klachi, anajua gia, anajua gari linavyolia likizidiwa mzigo.

Siudharau ujifunzaji huu. Una mizizi kuliko kozi nyingi za wiki chache za mjini, na utingo aliyekaa na dereva makini hutoka dereva makini. Tatizo ni kwamba anachopewa ni mkono bila sababu zake. Anafundishwa namna ya kuondoa gari, kulipandisha mlima, kulipita gari jingine. Hafundishwi kutazama mbali. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba dereva mpya hutazama karibu na pua ya gari, na husubiri hatari ijitokeze ndipo aitambue, wakati mzoefu huikisia kabla: mpira ukivuka barabara, mtoto anafuata, bodaboda ikiwasha indiketa ya kulia, huenda imesahauliwa tangu asubuhi. Zaidi ya hapo, utingo anarithi pia makosa ya mwalimu wake. Kama mkubwa wake huteremsha gari mlima gia ikiwa imetolewa ili kuokoa mafuta, naye atafanya hivyo, tena kwa fahari, akiamini ni ufundi.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa. Anayejifunza anatakiwa awe na leseni ya kujifunzia, gari liwe na alama ya L, na pembeni awe na mwalimu mwenye leseni. Polisi wanampima, Mamlaka ya Mapato inatoa kadi. Leseni ina madaraja: D kwa magari madogo, E kwa malori, C kwa magari ya abiria, na hiyo C inadai mafunzo ya ziada kwenye vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. Mpangilio huu ni mzuri. Unavuja mahali pawili. Kwanza, mtihani unapima kama mtu anaweza kuendesha, haupimi kama anaweza kuona. Pili, kati ya kadi na gari amesimama tajiri, mwenye gari, ambaye msimu wa tumbaku ukipamba moto anamwita yeyote aliye karibu. Dereva wake anaumwa, mzigo unangoja, basi kijana mwenye daraja D, au asiye na daraja lolote, anafanya deiwaka ya Canter kwenda Tabora na kurudi. Sheria inamhesabia kosa mwenye gari anayemkabidhi mtu asiye na leseni. Barabarani, anayekamatwa ni yule aliyekaa nyuma ya usukani.

Tuseme basi ni mwezi wa saba, saa kumi na mbili jioni. Kijana wetu anatoka Tabora kuelekea Urambo. Mtu asiyeijua barabara hii hatalifikiria jambo moja: jioni, anayekwenda Urambo anaelekea magharibi, jua liko machoni mwake, na kioo cha mbele kina vumbi la wiki nzima. Mbele yake mzee anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Kwa mwenye macho ya mzoefu, mzee yule ni hatari tangu mita 200: mzigo wake unayumba, na akichoka ataingia barabarani. Kijana anamwona akiwa mita 50. Kwa mwendo wa 80 hesabu imekwisha kumshinda. Anakanyaga breki mpaka mwisho, Canter tupu isiyo na mzigo wa kuituliza inaserereka, na kioo cha pembeni kinampiga mzee begani.

Gari linasimama. Kinachofuata hakiko kwenye mtaala wowote. Mikono inatetemeka, mdomo umekauka, masikio yanavuma. Mwili umemwaga homoni za hofu, na kichwa kilichokuwa kikifikiri mambo mengi kinashika moja tu. Utingo, ambaye ni mdogo wake kwa mwaka mmoja, anasema: "Kanyaga, twende."

Watu wengi wanadhani dereva anayekimbia baada ya kugonga hana utu. Wapo wa namna hiyo. Lakini kijana wa ajali ya kwanza mara nyingi anakimbia kwa sababu amesikia habari za madereva waliopigwa na wananchi wenye hasira kali, na magari yaliyochomwa. Hofu hiyo ina msingi, na ni sisi wananchi tulioitengeneza. Kila dereva anayepigwa anawafundisha madereva kumi kukimbia, na kila anayekimbia anamwachia majeruhi damu inayotoka bila mkono wa kuizuia. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, atoe taarifa zake na aripoti polisi. Pale maisha yake yanapokuwa hatarini kweli, anachotakiwa kufanya ni kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kusema kwa ulimi wake, "Afande, nimegonga mtu, yuko mahali fulani." Namba 112 ipo kwa kazi hiyo. Kijana aliyeambiwa haya na dereva mkubwa siku ya kwanza ya kushika usukani ana cha kushika wakati akili imetawanyika. Asiyeambiwa anashika alichonacho, yaani kauli ya utingo.

Akisimama, bado hajui afanye nini. Anataka kumwinua mzee akae, anataka kumpa maji, anataka kumpakia haraka nyuma ya gari kama gunia. Yote matatu yanaweza kumdhuru. Mtu aliyepigwa na gari anaweza kuwa na mfupa wa shingo au mgongo uliovunjika. Anatakiwa atulizwe alipo, kichwa kisigeuzwe ovyo, damu ibanwe kwa kitambaa safi, na akibebwa abebwe na watu kadhaa akiwa amenyooka, juu ya ubao au mlango. Magari yanayokuja yazuiwe kwa pembetatu, au kwa matawi ya miti kama tulivyozoea, yawekwe mbali ya kutosha kwa mwendo wa lami. Mambo haya yanafundishika kwa saa moja. Ninaona uchungu kwamba kijiji kinachopitiwa na magari usiku na mchana kinaweza kukosa watu kumi waliofundishwa saa hiyo moja. Na kuhusu fomu ya polisi ya PF3, majeruhi hapaswi kufa akingoja karatasi. Huduma ya dharura itangulie, fomu ifuate, na mganga anayelijua hilo alitamke kwa sauti mbele ya ndugu wenye hofu.

Kisha inakuja simu. "Shikamoo tajiri. Nimepata ajali." Na mara nyingi mno swali la kwanza linalorudi ni, "Gari limeumia sana?" Naliandika swali hili kwa sababu kijana halisahau. Ndani ya maneno matatu amejifunza yeye ana thamani gani, mzee aliyelala chini ana thamani gani, na kesho akipata nyingine aseme nini. Tajiri anayeuliza kwanza, "Watu ni wazima? Wewe je?" amefanya kazi ya usalama barabarani kuliko mabango mengi.

Sehemu inayofuata hufanyika pembeni. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanakubaliana gharama za matibabu, debe la mahindi, baiskeli mpya, yanaisha. Sitaibeza njia hii. Inatunza ujirani, ni ya haraka, na mara nyingine familia ya mgongwa inapata chochote mapema kuliko ingepata mahakamani. Lakini ina kasoro mbili nzito. Maumivu ya mgongo yanayojitokeza baada ya miezi miwili hayamo kwenye makubaliano. Na ile haki ambayo imekwisha kulipiwa haiguswi. Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima, walau ile tunayoiita bima ndogo. Watu wengi, wakiwemo madereva, wanaichukulia kama stika ya kumwonyesha trafiki. Bima ndogo haimtengenezei tajiri gari lake. Ipo kwa ajili ya mzee wa mkaa. Ndiye anayepaswa kufidiwa akiumia, na akifa ni warithi wake. Mkiyamaliza pembeni bila taarifa ya polisi, mzee huyo amepoteza njia ya kudai. Mkataba wa bima pia huweka sharti la dereva mwenye leseni ya daraja linalohusika, na hapo ndipo deiwaka ya siku moja inapoweza kumgharimu tajiri kuliko msimu mzima.

Kuhusu mashtaka sitakaa sana. Kuendesha kwa uzembe ni kosa, kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo ni kosa kubwa zaidi, na ni haki yawe makosa. Aliyekufa ana ndugu, na kijana ni mtu mzima mbele ya sheria.

Lililo ndani ya kijana ndilo halina jalada. Kwa siku na wiki kadhaa anaweza kukosa usingizi, kushtuka akisikia honi, kuliona tukio upya akifumba macho, kuepuka kupita pale. Kwa wengi hali hiyo inapungua yenyewe wakiwa na watu wa kuzungumza nao. Ikizidi mwezi na kumzuia kuishi kawaida, ni ugonjwa wa kiwewe unaotibika, na mahali pake ni hospitali. Vijana wetu hawapewi nafasi hata ya hatua ya kwanza. Kijiweni anaambiwa, "Umekuwa dereva sasa," kana kwamba kuumiza mtu ni leseni ya pili. Familia nyingine humpeleka kwa sheikh au mchungaji, nyingine hufanya tambiko. Naheshimu hilo, kwa kuwa linamkusanyia watu na kumruhusu alie. Ninachokataa ni pale shughuli inapoisha kwa kumtaja jirani aliyeroga. Jua lilikuwa machoni, kioo kilikuwa na vumbi, mwendo ulikuwa 80. Akiamini alirogwa, hataosha kioo.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Agosti 1896, katika viwanja vya Crystal Palace jijini London, Bridget Driscoll aligongwa na gari akafa. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la mafuta Uingereza. Dereva, Arthur Edsall, alikuwa ameendesha kwa wiki tatu tu. Uchunguzi ulihitimisha kwamba kilikuwa kifo cha ajali, na mkuu wa uchunguzi huo akatumaini jambo kama lile lisingetokea tena. Leo dunia inapoteza watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka barabarani, na majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo iko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi nyingi zilizopima zimekuta jambo lilelile: hatari ni kubwa mno katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yako, kisha hushuka. Yaani si ujana peke yake unaogonga. Ni ugeni.

New Zealand ilichukua hatua mwaka 1987. Badala ya kumpa mtu leseni nzima kwa siku moja, iliigawa ngazi tatu. Anayejifunza anaendesha akiwa na msimamizi. Anayefuata anaendesha peke yake, lakini si usiku wa manane na si akiwa amebeba rafiki zake bila mtu mzoefu pembeni. Ndipo inakuja leseni kamili. Marekani, Australia na Kanada zimeiga kwa namna mbalimbali, na ajali za madereva wapya zimepungua. Uingereza ilipitia njia nyingine: kwa sheria ya mwaka 1995, dereva mpya anayekusanya pointi sita za makosa ndani ya miaka miwili ya kwanza ananyang'anywa leseni na kuanza upya. Nikiisoma mipango hii najiuliza tulifikaje hapa. Ngazi za New Zealand ni zilezile za mpagazi kijana wa Unyamwezi: mzigo mwepesi kwanza, njia fupi kwanza, mtu mzima pembeni, kisha pwani.

Ndiyo maana sioni kama tunahitaji kungoja Bunge ili kuanza. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani inafanyika kila mwaka, magari yanakaguliwa, hotuba zinatolewa, na hilo ni jema. Lakini ngazi zinaweza kurudishwa na wale wanaoshika ufunguo. Vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku vinakodi magari kila msimu: viandike kwamba gari halipakiwi mzigo mpaka leseni ya dereva, daraja lake na bima vimeonekana. Tajiri aamue kwamba dereva wa mwaka wa kwanza hatoki baada ya jua kuzama, habebi watu juu ya mzigo, na safari zake za mwanzo anakwenda na mzoefu ambaye halali njiani. Halmashauri na wahandisi wa barabara wakae na watu wa Usoke wawaonyeshe wanapovukia hasa, si pale ramani inaposema. Dar es Salaam imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: kazi ya shirika la Amend ya kuweka njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, ambayo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Ross mwaka 2019, ilianza kwa kuwatazama watoto wanapita wapi.

Limebaki suala la kijana aliyekwisha kupata ajali yake. Wengi hufanyiwa moja kati ya mawili: ama anafukuzwa kazi, akaenda kupewa gari na tajiri mwingine asiyejua lolote, ama anarudishwa barabarani kesho yake kwa sababu mzigo unangoja. Yote mawili yanatupa somo lililonunuliwa kwa damu ya mtu. Akae pembeni ya dereva mkubwa kwa wiki kadhaa, apite tena mahali pale wakati uleule wa jioni, aulizwe alikuwa anatazama wapi, alianza kumwona mzee lini, na angemwona lini kama kioo kingekuwa safi. Aende kumjulia hali mzee, na tajiri aende naye, wakiwa wamebeba namba ya bima mkononi. Kisha aanze tena na gari dogo, mchana, kutoka Usoke hadi Urambo, kabla hajarudishiwa Canter.